Buzwagi na Mhuri wa Kitongoji

Jina la Buzwagi lilienea nchi nzima kabla mgodi wenyewe haujatoa hata wakia moja ya dhahabu. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi huo na kampuni ya Barrick akiwa London, wakati wananchi walikuwa wameshaambiwa kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe, mbunge kijana wa CHADEMA kutoka Kigoma Kaskazini, alipeleka hoja bungeni akitaka iundwe kamati teule ichunguze mkataba ule. Kamati haikuundwa, Bunge lilimsimamisha yeye. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba, kwenye viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, alisoma majina kumi na moja ya watu aliowaita mafisadi, na kuanzia hapo neno ufisadi likahamia vijiweni na kwenye daladala. Novemba Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta nzima ya madini, na Zitto akawa miongoni mwa wajumbe wake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Kwa chama kilichokuwa kimepata majimbo matano tu katika uchaguzi wa 2005, kuisukuma Serikali hadi ibadili sheria lilikuwa jambo kubwa, na wanaodai kwamba upinzani wa Tanzania haujawahi kufanya lolote hawajaisoma miaka hiyo mitatu.

Hata hivyo Buzwagi inatufundisha jambo la pili, ambalo halikupewa uzito wake. Mgodi uko kata ya Mwendakulima, nje kidogo ya mji wa Kahama. Kelele zilipigwa Dodoma, Dar es Salaam na kwenye viwanja vya mikutano nchi nzima, lakini jimbo la Kahama halikwenda kwa CHADEMA mwaka 2010, wala 2015, hata pale aliyekuwa mbunge wake kwa tiketi ya CCM, James Lembeli, alipohamia CHADEMA na kugombea Kahama Mjini. Dhahabu iliyokipatia chama sauti nchini haikukipatia kiti pale inapochimbwa. Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kwamba matarajio ya upinzani katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita hayapimwi kwa ukubwa wa kashfa wala kwa umati wa mkutano. Yanapimwa kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwenye vitongoji, vijiji na mitaa, na huko ndiko upinzani ulikowekeza kidogo kuliko kote na kupoteza zaidi.

Marekani wana uchaguzi wa wabunge katikati ya muhula wa rais, na vyama vyao huusoma kama dalili ya yatakayofuata. Sisi hatuna uchaguzi wa namna hiyo. Tunao uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao kwa kawaida hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja (1994, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024), na tunazo pia chaguzi ndogo za kujaza viti vilivyoachwa wazi. Mwaka 2009 chaguzi ndogo mbili ziliangukia karibu kabisa na dhahabu. Mei, katika jimbo la Busanda, Geita, kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, Lolesia Bukwimba wa CCM alimshinda Finias Magesa wa CHADEMA. Julai ikafuata Biharamulo Magharibi, na CCM ikapita kwa shida. CHADEMA walikuwa wameshaanza Operesheni Sangara, iliyobeba jina la samaki wa Ziwa Victoria: msafara uliozunguka wilaya hadi wilaya, ukifanya mikutano na kuacha nyuma yake wanachama na viongozi wa matawi. Kazi ile ilizaa matunda mwaka uliofuata. Oktoba 2010 CHADEMA walichukua Biharamulo Magharibi ile ile iliyowaponyoka, wakachukua Bukombe, Maswa mbili zote, Meatu, Nyamagana, Ilemela na Ukerewe, na Shinyanga Mjini wakaikosa kwa kura moja. Anayesema watu wa Usukumani wana CCM katika damu ana kazi ya kutueleza kura hizo zilitoka wapi.

Zilitoka kwa watu, na miaka mitano baadaye sehemu kubwa ikarudi ilikotoka. Mwaka 2015 Bukombe, Nyamagana, Ilemela na Biharamulo zilirejea CCM, wakati ule ule mgombea urais wa upinzani, Edward Lowassa, akipata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba John Magufuli alikuwa mwenyeji wa Chato, na Kanda ya Ziwa ilimpigia mtoto wake. Ni kweli, wala haifai kulipuuza. Ni kweli pia kwamba kumchukua Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, kulikivua chama vazi lake la vita dhidi ya ufisadi, na Dkt. Slaa akaondoka. Lakini sababu hizi mbili zinaeleza upepo uliovuma. Hazielezi kwa nini upepo ule uling'oa mahali pengine na kuacha pengine.

Angalia Tarime. Nako kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, wa North Mara, nako kuna fidia zinazogombaniwa na vijana wanaoingia kuokota mawe kwa kuhatarisha maisha yao. CHADEMA ilishika jimbo na halmashauri mwaka 2005. Mbunge wake, Chacha Wangwe, alipofariki Julai 2008, ilishinda uchaguzi mdogo. Mwaka 2010 ilipoteza jimbo, na kwa hesabu za siasa za majukwaani ilikuwa imekwisha. Haikwisha: mwaka 2015, katika upepo ule ule wa Magufuli na katika kanda ile ile ya ziwa, Esther Matiko alichukua Tarime Mjini na John Heche akachukua Tarime Vijijini. Msomaji atasema siasa za Tarime zina koo zake, na mtu wa Kahama hafanani na Mkurya. Nakubali kwamba koo zina nguvu. Ila koo zilikuwapo mwaka 2000 pia, zikiipigia CCM. Kilichoongezeka tangu 2005 ni madiwani na viongozi wa vijiji waliokuwa wa CHADEMA, waliojulikana kwa majina, waliosuluhisha kesi za mipaka na kusimama kwenye vikao vya fidia. Mbunge alipoanguka, wao walibaki kijijini. Bukombe mbunge alipoanguka, chama kilianguka naye.

Aliyekaa mbali na kijiji hudhani mwenyekiti wa kitongoji ni cheo cha kuitisha watu kwenye misiba. Katika ukanda wa machimbo ni tofauti kabisa. Kijana aliyetoka Kakola kwenda kufungua akaunti benki, mama anayetaka mkopo, ndugu anayekwenda kituoni kumwekea mtu dhamana, wote huulizwa barua ya utambulisho, na barua hiyo huanzia kwa mwenyekiti na mtendaji. Kampuni inapopanua eneo lake na wathamini wakaja kuhesabu miti, mihogo, nyumba na makaburi, viongozi wa eneo ndio wanaokuwepo kuthibitisha shamba hili ni la nani na nyumba ile ilijengwa lini. Jina likirukwa hapo, kulirudisha huchukua miaka mahakamani. Rashi inapolipuka, maana dhahabu ikigundulika shambani mwa mtu wachimbaji hufika kwa mamia kabla diwani hajapata habari, kinachoamua kama mwenye shamba atapata mifuko yake ya mawe, nani atafungua duara (shimo la kuchimbia) wapi, na kama kijiji kitaambulia chochote, ni makubaliano yanayofanyika papo hapo, na mwenyekiti ndiye shahidi. Hakuna mbunge anayefika huko kwa wakati. Nguvu ya kila siku ya siasa katika machimbo imo kwenye ule mhuri mdogo wa mpira na wino wake wa zambarau, na mwenye nao huonekana kila asubuhi, mvua au jua.

Hoja kubwa za kitaifa hazina sifa hiyo. Zina kasoro moja ambayo wapinzani wa Tanzania wameionja kwa uchungu: mwenye dola anaweza kuzichukua. Machi 2017 Magufuli alizuia makinikia (mchanga wenye madini) yasisafirishwe nje. Mei alipokea ripoti ya Profesa Abdulkarim Mruma, Juni ya Profesa Nehemiah Osoro, na Julai Bunge likapitisha sheria zilizotangaza mamlaka ya wananchi juu ya maliasili na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6. Acacia, iliyomiliki Buzwagi, Bulyanhulu na North Mara, ilidaiwa kodi na faini za dola bilioni 190, na mwisho wake Barrick ikaichukua kampuni hiyo yote na Januari 2020 ikasaini makubaliano yaliyoizaa Twiga, kampuni ya ubia na Serikali. Mtu anaweza kubishana kuhusu hesabu zile, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba dola bilioni 190 haikuwa hesabu ya kuaminika. Kisiasa, hata hivyo, mchezo ulikuwa umekwisha. Yaliyosemwa na Zitto bungeni mwaka 2007, na ambayo Tundu Lissu alikuwa akiyasema tangu akiwa wakili kijana aliyefuatilia kufukuzwa kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu mwaka 1996, sasa yalitoka Ikulu. Yakafuatiwa na mambo yanayogusa mfuko: Geita vijana waliahidiwa magwangala, yale mawe ya mabaki yenye dhahabu kidogo, Februari 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa kodi ya zuio na ya ongezeko la thamani, Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Chama kilichojengwa juu ya kashfa ya mikataba kingebaki na nini cha kumwambia mchimbaji wa Mgusu?

Kingebaki na mengi, kama kingekuwa kijijini. Mikataba ya zamani ya migodi iliifungia halmashauri malipo yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, na ilichukua hadi 2014 kuanza kulipwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya mgodi. Septemba 2017, miezi michache tu baada ya ripoti za makinikia, madiwani wa Geita waliongoza watu kufunga barabara za mgodi wa GGM wakidai malimbikizo ya zaidi ya dola milioni 12, na polisi wakawakamata. Halmashauri zile zilikuwa mikononi mwa CCM. Tukio hili linaweza kugeuzwa dhidi yangu: kama diwani wa CCM anaweza kufunga barabara kudai haki ya kata yake, upinzani wa nini? Naliona kwa namna nyingine. Linathibitisha kwamba ugomvi wa kweli wa dhahabu ni wa chini, unahusu pesa inayobaki na njia inayoipitia, na kwamba hata kilio cha Ikulu hakikuumaliza. Wale madiwani walikamatwa na polisi wa Serikali ya chama chao. Walihitaji chama ambacho kingewasemea kesho yake bila kumwogopa mkuu wa mkoa, na chama hicho hakikuwa na mtu Geita.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, na nisingependa kulipita juu juu. Litasemwa: haya yote ni mazuri, lakini unamshauri mtu ashindanie kiti ambacho haruhusiwi kukishinda. Mwaka 2014 vyama vya upinzani vilivyoungana katika UKAWA vilipata takriban kijiji kimoja katika kila vitano na karibu theluthi ya mitaa. Ndio mwaka ambao CHADEMA ilikuwa imetoka kuendesha mpango wake wa kushuka hadi vitongojini, Chadema ni Msingi. Uchaguzi uliofuata, Novemba 2019, watendaji wa vijiji na kata waliwaondoa wagombea wa upinzani kwa wingi, mara nyingi kwa maelezo kwamba fomu hazikujazwa ipasavyo, vyama vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99. Novemba 2024 CHADEMA walishiriki, na CCM ikatangazwa tena kupata zaidi ya asilimia 98 ya vitongoji, mitaa na vijiji. Tangu 2016 mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku, hadi Januari 2023. Aprili 2025 Lissu, mwenyekiti mpya wa chama, alikamatwa Mbinga na kushtakiwa kwa uhaini, chama kikazuiwa kushiriki uchaguzi mkuu baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili, na baada ya kura ya Oktoba 29 Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66 huku intaneti ikiwa imezimwa na watu wakiuawa mitaani. Kumwambia mwananchi aliyezika kijana wake kwamba ajiandae na fomu ya mwenyekiti wa kitongoji kunaweza kusikika kama tusi.

Najibu kwa kutazama fomu zenyewe. Wagombea wa 2019 hawakuondolewa kwenye meza ya Tume jijini. Waliondolewa kwenye meza ya mtendaji wa kijiji, mmoja mmoja, kwa maelfu, kazi kubwa na ya aibu iliyoacha ushahidi kila kata. Hakuna chama tawala kinachojitwisha kazi hiyo kwa ajili ya viti visivyo na maana. Waliokuwa na mabalozi wa mashina tangu enzi za chama kimoja wanajua thamani ya nyumba kumi kuliko wapinzani wao. Na kujitoa, ambako ni haki ya chama na wakati mwingine ni heshima yake, kuna gharama isiyoonekana Dar es Salaam: mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa wa upinzani mwaka 2014 aliukabidhi mhuri mwaka 2019 na hajaupata tena. Yule aliyepiga kura ya kwanza akiwa na miaka 18 mwaka 2019, atakapofika 2029, atakuwa amekaa miaka kumi bila kumwona kiongozi wa upinzani akimwandikia barua.

Swali la kushiriki au kususa si geni katika nchi hii, wala katika mikoa hii. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ulikuwa uchaguzi wa kudhalilisha. Wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere alishawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha ANC. TANU wakaingia na kufagia viti. Wanaotaja uamuzi wa Tabora leo huutaja kama ushahidi kwamba kushiriki kunalipa daima. Husahau nusu ya pili. Usukumani TANU ilinyimwa usajili kuanzia 1954 hadi 1958; haikuwa na ruhusa ya tawi, kadi wala mkutano. Kazi ilifanywa na watu waliokutana kwenye mizani ya pamba, ndani ya vyama vya ushirika vilivyokuwa vikikusanywa na Paul Bomani, ambavyo Serikali ya kikoloni haikuweza kuvifunga kwa sababu ndivyo vilivyonunua zao. Mwaka 1958 Waingereza walipoleta halmashauri ya mseto wa rangi Geita, wakulima walijitokeza kwa maelfu kuikataa, bila chama halali nyuma yao. Tabora ilifaa kwa sababu mizani ilikuwa imetangulia. Kushiriki bila mizani ndiko tulikokuona 2024. Kususa bila mizani tulikuona 2019.

Mizani ya leo haikosekani. Vipo vikundi vya wachimbaji wenye leseni ndogo, kamati za fidia, vyama vya akiba na mikopo, na ipo mikutano mikuu ya vijiji, ambayo sheria inataka iitwe na ambayo mwananchi yeyote mzima ana haki ya kusimama na kuuliza mapato na matumizi. Buzwagi yenyewe ilifungwa mwaka 2021. Eneo lake limepangwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi, na watu wa Mwendakulima watakuwa na maswali ya ajira, ya maji na ya lile shimo kwa miaka mingi ijayo. Wanaoyauliza maswali hayo kwa karatasi na tarehe, wakarudi mwezi unaofuata kuulizia majibu, wanafanya upinzani hata kama hawana kadi. Chukua mfano wa Zambia: Michael Sata alianzisha chama chake 2001 na kuambulia kiti kimoja. Mwaka 2006 alishindwa urais lakini akaondoka na halmashauri za miji ya Copperbelt, ambako wachimbaji waliozoea ahadi za Lusaka waliona wenyewe chama kikizoa taka na kugombana na wawekezaji. Mwaka 2011 akawa rais. Tofauti na kwetu ni kubwa, na kubwa zaidi ni kwamba kura za Zambia zilihesabiwa.

Kuna wanaosema mchimbaji hafai kujengewa chama kwa sababu hakai: leo Nyarugusu, kesho Mwime, keshokutwa Chunya. Hilo lina ukweli kwa uchaguzi mkuu, ambao humtaka awe na kadi ya mpiga kura na arudi alikojiandikisha. Serikali za mitaa zina daftari lake. Mwaka 2024 lilifunguliwa siku kumi tu, kuanzia Oktoba 11 hadi 20, kitongoji kwa kitongoji, na sharti lake kuu ni kuwa mkazi wa pale. Mchimbaji aliyehamia Mwime anaandikishwa Mwime. Kinachotakiwa ni mtu anayemfahamu, anayejua kambi yake iko nyuma ya karasha (mashine ya kusaga mawe) ya nani, atakayempeleka kwenye dawati siku ya pili na kuketi pale hadi siku ya kumi akiandika kila jina linaloingia, ili majina ya waliokwisha kuhama na ya waliozikwa yapate wa kuyahoji siku orodha inapobandikwa. Kwa vitongoji vya Kahama, Msalala na Geita hiyo ni kazi ya maelfu ya watu, na hakuna helikopta inayoweza kuwashusha siku kumi kabla ya 2029.